Klabu ya wasichana imebadili nini? Namna ya kupima, hatua kwa hatua, kutoka mialoni

Muulize binti wa Igombe au Kayenze, mialo ya samaki ya Mwanza kando ya Ziwa Victoria, kama "amewezeshwa", na kuna uwezekano mkubwa akujibu: "Bado, hela hawajatupa." Hajakosea. Mtaani kwetu kuwezeshwa ni kupewa mtaji, na asiyepewa kitu mkononi hajawezeshwa, hata kama amekaa klabuni miezi 8 akifundishwa haki zake, hedhi, ushonaji na kuweka akiba. Aliyekosea ni mwandishi wa dodoso, aliyedhani neno la kwenye andiko la mradi lina maana ileile likifika mwaloni.

Nimebeba madodoso kando ya ziwa hili miaka kadhaa. Nilianza kama mkusanya takwimu wa posho ya siku, na siku hizi naitwa pale ripoti inapodaiwa wiki ijayo na hakuna anayejua iandikwe nini. Mwongozo huu nauandikia vikundi vidogo: mashirika ya kata, makanisa na misikiti yenye klabu za mabinti, walimu wenye vikundi vya jioni. Wenye maprofesa wao hawanihitaji.

Hatua ya 1: Andika kitakachobadilika, kisha kitafutie tukio

Kaa na waelimishaji wako, mmalize sentensi moja: "Msichana akija klabu mara 2 kwa wiki kwa miezi 10, basi kitabadilika kitu fulani, kwa sababu fulani." Kitu hakiwasumbui watu. Kwenye "kwa sababu" ndipo wanapotazamana. Kama hamwezi kueleza kwa nini masomo ya kushona yatapunguza mimba, msipime mimba, pimeni kushona.

Chagueni mambo 3, au 4 mkikaidi. Nimewahi kukabidhiwa dodoso la kurasa 31 kwa ajili ya mabinti wa miaka 13. Kufika ukurasa wa 12 walikuwa wanajibu "ndiyo" ili waende nyumbani kuwasha moto.

Kila jambo mlilochagua lisimamie kwenye tukio. Hapa Mwanza tulishapewa somo hili kwa gharama kubwa. Mwaka 1998 ulianza mkoani kwetu utafiti wa MEMA kwa Vijana, uliofanyika katika jamii 20: 10 zikapata elimu ya uzazi shuleni, huduma rafiki kwa vijana kwenye zahanati na mengineyo, na 10 zikasubiri. Walifuatiliwa vijana zaidi ya 9,000. Waliofundishwa walijua mengi zaidi na walitoa majibu mazuri zaidi kuhusu tabia zao. Ila vipimo vya damu na mkojo havikuonyesha kwa uhakika kwamba maambukizi ya VVU na magonjwa mengine ya zinaa yalikuwa yamepungua. Watafiti waliporudi kupima tena mwaka 2007 na 2008, hali ilikuwa ileile: maarifa yamebaki, maambukizi hayajatikisika. Ni watafiti wachache wangekuwa na moyo wa kutangaza hivyo, nami nawavulia kofia. Lakini jiulize: laiti wangepima kwa dodoso peke yake, si tungeshangilia?

Kwa hiyo msichana asipimwe kwa maneno uliyomfundisha wewe mwenyewe. Ukimuuliza "Je, msichana ana haki ya kuamua aolewe lini?", anajua unachotaka kusikia, ulikuwa naye Jumanne iliyopita. Muulize yaliyotokea. Badala ya "Je, unajiamini?", uliza kama mwezi uliopita kuna mtu alimpangia bei ya dagaa zake akaikataa, ikawaje. Badala ya "Je, unashiriki katika maamuzi?", uliza: "Hela ya mwisho uliyoshika ilikuwa shilingi ngapi? Ilikwenda wapi? Nani alisema iende huko?" Badala ya "Je, unasoma?", uliza wiki iliyopita alikanyaga darasani siku ngapi, maana jina linaweza kuwa kwenye rejista huku mwenye jina yuko juani anaanika dagaa.

Ndoa nayo ina mtego wake. "Umeolewa?" itakupa "hapana" nyingi za kweli kutoka kwa mabinti wanaopika, kufua na kulala nyumba moja na mvuvi. Mahari haijatoka, kwa hiyo kwake hiyo si ndoa. Uliza: "Kuna mwanaume unaishi naye kama mke na mume?" Wapo pia wanaoficha kwa sababu ya umri. Sheria ya Ndoa ya 1971 iliruhusu binti wa miaka 15 aolewe kwa ridhaa ya mzazi, na mwaka 2019 Mahakama ya Rufani ikakubaliana na Mahakama Kuu kwamba vifungu hivyo vinakwenda kinyume cha Katiba. Habari hiyo imefika vijijini nusunusu, kama habari nyingi, na baadhi ya wazazi wanadhani ukiuliza umri wa aliyeolewa umetumwa na polisi.

Kuna vipimo vya kimataifa ambavyo wafadhili huvipenda, kikiwamo kile cha Rosenberg cha mwaka 1965 chenye sentensi 10 za kupima mtu anavyojithamini. Unaweza kukitumia, lakini usikiamini mpaka umekijaribu kwa mabinti 10 na kumwuliza kila mmoja: "Hapa umeelewaje?" Kipo kipengele kinachosema: "Sina mengi ya kujivunia." Binti aliyelelewa vizuri Usukumani au Ukerewe akisikia "najivunia" anasikia majivuno, na majivuno ni tabia mbaya; atakubali kwa adabu kwamba hana, nawe utamwandika kuwa hajithamini. Tena kipengele hicho kinakanusha. Akijibu "ndiyo", amekubali kwamba hana, au anasema analo? Mimi hugeuza sentensi zote za kukanusha ziwe za kukubali, na "kujivunia" naweka "mambo niliyofanya yanayonifurahisha". Mfadhili akilalamika kwamba kipimo kimeguswa, mwonyeshe majibu ya wale 10.

Hatua ya 2: Tafuta wa kulinganisha naye

Hii ndiyo hatua inayorukwa kuliko zote, na ikirukwa nyingine zote ni kazi bure.

Tuseme klabu yako iko Busisi au Kigongo, ulipima mapato ya mabinti mwaka 2024, ukarudi kupima 2026. Mapato yameshuka. Je, klabu imewatia umaskini? Hapo katikati, Juni 2025, lilifunguliwa daraja la Kigongo–Busisi. Foleni ya kivuko ikaondoka, na pamoja nayo wakaondoka abiria waliokuwa wananunua karanga, mayai, maji na samaki wa kukaanga wakisubiri zamu. Geuza mfano: klabu yako inasaidia waliozaa warudi shule, ulipima 2020 na 2023, na waliorudi wameongezeka. Kabla hujapiga picha ya ripoti, kumbuka kwamba Novemba 2021 serikali ilifungua mlango kwa wanafunzi waliokatisha masomo, wakiwamo waliopata ujauzito, warudi katika shule za kawaida. Wangerudi hata bila wewe, angalau baadhi yao. Na kwa nchi nzima, wasichana wa miaka 15 hadi 19 waliowahi kupata ujauzito walikuwa 27 kati ya 100 katika utafiti wa afya wa 2015–16, na 22 katika ule wa 2022. Mtu aliyefungua klabu katikati ya miaka hiyo, akalala usingizi mpaka mwisho, angeamka na "mafanikio".

Ndiyo maana unahitaji mabinti wengine, wa mahali panapofanana na pako, wasio na klabu, unaowauliza maswali yaleyale siku zilezile. Hesabu yake ni ya darasa la 4. Tuseme kwako wenye akiba yao wenyewe walikuwa 18 kati ya 100, wakafika 41. Kwa wenzao walikuwa 20, wakafika 33. Wako wamepanda kwa 23, wenzao kwa 13 bila kufundishwa na mtu. Cha kwako ni 10. Kuandika 23 kwenye ripoti ni kujisifia mvua.

Utawapataje? Kama una hela ya klabu 10 na vijiji vilivyoomba ni 20, piga kura hadharani, mbele ya wenyeviti wa vijiji, karatasi kwenye kapu. Vijiji 10 vinaanza sasa, 10 vinaanza baada ya mwaka mmoja na nusu. Watu wa huku wanaielewa kura kuliko unavyodhani. Kwenye mchezo wa kupeana fedha kila mtu ana namba yake na hakuna anayenuna. Wanachokichukia ni kuambiwa "mtasubiri" bila kuona namba ilivyotoka. Na ukiahidi zamu ya pili, itimize.

Kura ikishindikana, chagua kijiji kinachofanana na chako kwa mambo yanayoendesha maisha: mwalo kwa mwalo, shamba kwa shamba. Usilinganishe Mwaloni Kirumba na kijiji cha pamba huko Kwimba. Wala usilinganishe wanaohudhuria klabu na wanaokataa kuja kijiji hichohicho. Anayekuja mwenyewe, kwa hiari, mara 2 kwa wiki, tayari ana mama anayemruhusu na mdogo anayemshikia mtoto. Alikuwa tofauti kabla hujamfundisha neno. Kwa sababu hiyohiyo, mwishoni wahesabu wote ulioandika mwanzoni, hata aliyekuja siku moja ya soda akapotea.

Hatua ya 3: Wangapi?

Hapa nitakuwa mkavu kidogo. Ukitaka kugundua mabadiliko kutoka 20 kati ya 100 hadi 35, kwa viwango vya kawaida vya kitakwimu, unahitaji wasichana kama 135 kila upande. Lakini mabinti wa klabu moja wanafanana: mwalimu mmoja, mwalo mmoja, umbea mmoja. Ukichukua 20 kila klabu, na kufanana kwao kukiwa kwa kiwango cha kawaida tu (asilimia 5), idadi inakaribia kuongezeka maradufu: 263 kila upande, yaani klabu 13 au 14 zenye programu na nyingine kama hizo zinazosubiri. Weka na watakaohama, tuseme mmoja kati ya 5, unafika 330.

Una klabu 3? Basi huwezi kuthibitisha kwamba ni wewe uliyesababisha, na hakuna ubaya kusema hivyo. Pima mahudhurio, pima yaliyotokea, fanya mahojiano marefu na mabinti 15, andika "tulichokiona". Mfadhili mwenye akili ataheshimu hilo. Asiye na akili utampoteza kwa vyovyote.

Hatua ya 4: Ruhusa, na siri usiyoweza kuitunza

Barua huanzia halmashauri kwa Afisa Maendeleo ya Jamii, ikashuka kwa mtendaji wa kata, kisha wa kijiji au mtaa. Mwaloni pitia na kwa viongozi wa BMU, kikundi cha kusimamia uvuvi mwaloni. Bila wao utaambiwa kila kitu kiko sawa na hutapata mtu. Kama utachukua sampuli za mwili, utauliza habari za ngono kwa watoto, au unakusudia kuchapisha, hiyo si tathmini ya ndani tena. Peleka andiko kwenye kamati ya maadili ya utafiti. NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa magonjwa ya binadamu, ina kituo hapahapa Mwanza, kaulize utaratibu kabla hujaajiri mtu.

Aliye chini ya miaka 18 ni mtoto kwa Sheria ya Mtoto ya 2009: unahitaji ridhaa ya mzazi au mlezi, na ukubali wa binti mwenyewe. Baba akikubali na binti akatikisa kichwa, umekwisha, funga daftari. Na tangu Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022 ianze kutumika mwaka 2023, orodha ya majina ya mabinti inayozunguka kwenye kundi la WhatsApp la wafanyakazi inaweza kuwa kosa la kisheria, mbali ya kuwa aibu.

Kabla ya swali la kwanza, mwambie kuna siri utakayoitunza na ile usiyoweza: akikuambia anaumizwa sasa hivi, itabidi mtafute msaada pamoja. Mkusanya takwimu awe na karatasi yenye namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto, namba ya dawati la jinsia na watoto la polisi lililo karibu, na ya afisa ustawi wa jamii aliyekwisha kuzungumza naye na anayepokea simu. Ipige kwanza. Nimewahi kukuta timu nzima ina namba ya mtu aliyehamishwa miezi 7 iliyopita.

Hatua ya 5: Tazama mwezi

Simaanishi mwezi wa kalenda tu. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa. Mbalamwezi ikiwa kali dagaa hawakusanyiki kwenye taa, mitumbwi inapumzika, na wachambuaji, waanikaji, wauza uji na wauza vocha wanapumzika nao mifukoni. Ukipima mapato ya mabinti siku za giza mwaka huu, ukarudi mwakani siku za mbalamwezi, utaandika kwamba programu imeporomosha biashara. Ikiwa kinyume chake, utaonekana shujaa. Mara zote mbili utakuwa umepima mwezi.

Dawa yake ni rahisi: andika tarehe ya mwezi mwandamo kwenye kila dodoso, rudi siku zilezile, na uliza mapato ya wiki 4 zilizopita kwa kuzigawa: "siku za giza ulipata kama shilingi ngapi, na siku za mbaamwezi je?" Wanajua kutofautisha bila kufikiri. Epuka Septemba, darasa la 7 wakiwa kwenye mtihani, na Novemba ya kidato cha 4. Vijiji vya ndani, epuka msimu wa kupalilia. Hutapata binti, utapata bibi yake.

Wasaili wawe wanawake, wasiwe wa mwalo huohuo, na angalau mmoja kati ya 2 ajue Kisukuma, au Kikerewe na Kijita ukivuka kwenda Ukerewe. Umri wa "dada" ni mzuri kuliko wa "mama": mbele ya mama, binti anajirekebisha mkao na majibu. Salamu kwanza, mwangaluka, habari za nyumbani, ndipo simu itoke. Programu za kukusanyia takwimu kwenye simu kama KoboToolbox hufanya kazi bila mtandao, jambo la msingi ukiwa kisiwani Ukara. Lakini usitazame kioo kuliko uso.

Hatua ya 6: Maswali ya moto

Turudi kwa MEMA kwa Vijana, maana walifanya jambo jingine la thamani. Walichukua vijana ambao vipimo vilionyesha wazi kwamba walishafanya mapenzi, wakaangalia majibu yao kwenye dodoso la ana kwa ana na lile la kujijazia wenyewe. Wasichana waliokiri kwenye yote mawili hawakufika theluthi. Wavulana walikuwa zaidi ya nusu. Mabinti hao hawakuwa waongo kuliko mabinti wengine. Walikuwa mabinti wanaojua kwamba kukiri kuna bei.

Kwa mambo kama samaki kwa ngono, kulazimishwa, au kutoa mimba, usitegemee "ndiyo" na "hapana" ya uso kwa uso. Njia mojawapo ni kuhesabu sentensi. Gawa mabinti makundi 2 kwa bahati nasibu. Kundi la kwanza linasomewa sentensi 4 zisizo na madhara: nimewahi kuvuka kwenda Ukerewe, nina simu yangu, nimewahi kulala Dar es Salaam, wiki hii nimekula sato. Binti hasemi ipi ni kweli, anataja tu ni ngapi. Kundi la pili linasomewa hizohizo 4 pamoja na ya 5: nimewahi kupewa samaki au hela ili nilale na mwanaume. Wastani wa kundi la kwanza ukiwa 1.9 na wa pili 2.2, tofauti ni 0.3, yaani kama mabinti 30 kati ya 100, na hakuna yeyote aliyejitaja. Hakikisha kati ya zile 4 ipo moja ambayo karibu kila mtu atasema hapana. Binti akijibu "5" siri yake imekwisha.

Njia hii inahitaji watu wengi, mamia kuliko makumi. Na ina gharama yake: kwa kuwa humjui aliyeumia, huwezi kumsaidia yeye peke yake. Kwa hiyo ile karatasi ya namba 116 wapewe wote, kila mmoja, mwishoni, kama kitu cha kawaida.

Hatua ya 7: Mfuate aliyehama

Mwaloni watu huhama na samaki. Kambi inatoka kisiwa cha Kome inakwenda visiwa vya Ukerewe, na binti aliyekuwa anapika kambini anakwenda nayo. Anayehama ndiye hasa uliyetaka kujua habari zake: ameolewa, amepata mimba, amepata kazi mjini. Ukiwapima waliobaki tu, umepima utulivu.

Siku ya kwanza chukua namba 3: yake, ya mtu asiyehama (shangazi, mwenye duka, mchungaji, ustadhi) na ya rafiki. Uliza jina analoitwa mtaani. La shuleni huenda hakuna anayelijua. Piga kila baada ya miezi 3, dakika moja, salamu tu. Laini hubadilishwa hovyo huku. Tenga sehemu ya bajeti kwa ajili ya nauli ya kuwafuata waliohama, na mwishoni andika wazi umepoteza wangapi upande wa klabu na wangapi upande wa pili. Ukipoteza 10 huku na 35 kule, ulinganisho wako umepinda.

Hatua ya 8: Pima na programu yenyewe

Shirika la BRAC liliendesha klabu za wasichana Uganda, zikapimwa kwa kura ya vijiji. Matokeo yaliyochapishwa 2020 yalionyesha kwamba baada ya miaka 4 mimba za utotoni zilipungua kwa asilimia 34, na kuolewa au kuishi na mwanaume mapema kwa asilimia 62. Mfumo huohuo ukaletwa Tanzania. Tathmini iliyotolewa na Benki ya Dunia mwaka 2017 haikuona mabadiliko ya maana katika yale klabu zilizokusudia. Pale mikopo midogo ilipoongezwa, mahudhurio na akiba viliboreka. Miongoni mwa maelezo yaliyotolewa ni ufinyu wa rasilimali upande wetu.

Jina moja, klabu mbili tofauti. Kwa hiyo weka daftari la kila klabu: ilifunguliwa siku ngapi kati ya zilizopangwa, mwelimishaji alikuwepo au alimtuma mdogo wake, cherehani ngapi zinafanya kazi, mabinti walikaa ndani au chini ya mwembe na wavulana wanachungulia. Bila daftari hilo, matokeo yakiwa sifuri hutajua kama wazo ni bovu au halikuwahi kutekelezwa. Mtu wa kulijaza asiwe mwelimishaji mwenyewe. Mtendaji anayepita ghafla mara 2 kwa mwezi anatosha.

Na uliza madhara. Kuna binti aliyechapwa kwa kuchelewa kurudi? Kuna kaka aliyejua pa kibubu? Kuna mume aliyezuia? Klabu inayofundisha akiba bila kufundisha pa kuificha inaweza kuwa imemtajirisha kaka.

Hatua ya 9: Rudisha

Matokeo yaanzie kwa mabinti kabla ya mkutano wa kijiji na kabla ya mfadhili. Usiwapelekee asilimia. Chukua punje 100 za mahindi, waambie hawa ni ninyi. Sogeza 18, halafu sogeza mpaka 41. Kisha fanya hivyo kwa kijiji cha pili. Waulize kwa nini. Kwenye kijiji kimoja mabinti waliniambia akiba ilipanda kwa sababu mzee mmoja wa duka alianza kuwatunzia hela bure, jambo ambalo hakuna dodoso lililoliuliza wala mwelimishaji aliyelijua. Tukalazimika kuandika upya nusu ya ripoti.

Kwenye mkutano wa hadhara usitaje mwalo kwa jina pale matokeo ya ngono na mimba yanapozungumzwa. Kijiji chenye kaya 200 hakihitaji msaada kujua unamzungumzia nani.

Mwisho kuna ile orodha inayounganisha majina na namba za dodoso. Iwe nakala moja, kwenye kabati lenye kufuli au faili lenye nenosiri, ikijulikana na watu 2. Siku ya kusaini mkataba andika tarehe ya kuiharibu. Tarehe ikifika, ichome mbele ya shahidi, msaini wote wawili, na nakala ya karatasi hiyo mpelekee Afisa Maendeleo ya Jamii.